UZI: Peke yangu na gari kwenye jangwa la Namib, hadi mahame ya almasi ya Lüderitz na Kolmanskop

Mtembezi wa Kusini:

Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Windhoek. Nyuzi nyingi za safari za kusini mwa Afrika humu jukwaani huishia Cape Town na Victoria Falls. Namibia ikitajwa, basi ni matuta mekundu ya Sossusvlei. Nimeendesha gari peke yangu kutoka Windhoek mpaka Lüderitz, pwani ya Atlantiki, nikipita jangwani kuangalia magofu na mahame ya wachimba almasi, na nitaandika kwa kirefu.

Nina jambo moja nataka lifike kwa kila atakayeifuata njia hii: ukifika Lüderitz, usikimbilie Kolmanskop kwenye zile nyumba zilizojaa mchanga. Anza na Shark Island. Sababu nitazitoa nikifika huko, na Mtanzania atazielewa haraka kuliko mgeni mwingine yeyote.

Kwanza njia. Ya lami ni B1 kuelekea kusini hadi Keetmanshoop, kama kilomita 500, kisha unakata magharibi kwa B4 hadi baharini, kilomita nyingine 340 hivi. Ya pili ni ya changarawe: Maltahöhe, Duwisib, Helmeringhausen, halafu Aus. Nilikwenda kwa changarawe na kurudi kwa lami, na nashauri hivyo hivyo, kwa sababu changarawe inataka mwili usiochoka.

Kituo cha kwanza cha maana kilikuwa Duwisib. Katikati ya nchi kavu, penye mawe, vichaka na mbuga tupu, linasimama jumba la mawe lenye minara na kuta za kivita, kama ngome za wafalme wa Ulaya. Alilijenga ofisa wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, Hansheinrich von Wolf, pamoja na mkewe Mmarekani, na likamalizika mwaka 1909. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Wilhelm Sander. Mawe yalichimbwa hapo hapo, lakini vifaa vingi na samani vilikuja kwa meli kutoka Ujerumani hadi Lüderitz, kisha vikakokotwa na mikokoteni ya ng'ombe kuvuka jangwa. Mwaka 1914 wenye nyumba waliondoka kwa meli, vita vya kwanza vya dunia vikaanza wakiwa safarini, na von Wolf akauawa vitani kwenye mto Somme mwaka 1916. Raha ya jumba lote hilo ilidumu miaka mitano tu.

Watembezaji wanaisimulia Duwisib kama hadithi ya mapenzi. Mimi nilijiuliza ardhi kubwa namna ile ilipatikanaje. Jibu liko kwenye tarehe: ni miaka hiyo hiyo, baada ya 1905, ambapo serikali ya Kijerumani ilitaifisha ardhi na mifugo ya Waherero na Wanama walioshindwa vitani, na mashamba yakagawiwa walowezi.

Naendelea jioni.

Dereva wa Masafa:

Dada, nimekaa mkao wa kusoma. Ila kabla hujaendelea tuambie gari. Ni lazima liwe la magurudumu manne yanayovuta? Na hiyo changarawe ikoje ukilinganisha na zetu za Kiteto au Loliondo?

Mtembezi wa Kusini:

Mkuu, kwa njia hii si lazima, lakini gari liwe limeinuka. Changarawe yao hupitishwa greda mara kwa mara, ni pana na imenyooka, na hapo ndipo hatari ilipo. Barabara inakushawishi ukimbie. Kokoto zimelala juu ya udongo mgumu, gari linaelea, na ukikata usukani ghafla au ukishika breki kwa nguvu linazunguka na kupinduka. Ajali nyingi za wageni Namibia ni za gari moja, hakuna aliyegongwa na mwenzake. Mimi nilishikilia 80 na kurudi chini kwenye kona na makorongo.

Nilipunguza upepo wa tairi kidogo nilipoiacha lami, nikaujaza tena niliporudi. Matairi ya akiba chukua mawili, si moja, na uhakikishe jeki inafanya kazi kabla hujatoka kwenye uwanja wa wakodishaji. Pancha huko ni jambo la kawaida na unaweza kukaa saa nzima bila kuona gari jingine. Maji ya kunywa beba zaidi ya unavyodhani, mafuta jaza kila sheli unayoikuta hata kama tangi lina nusu. Mtandao wa simu hupotea kwa masafa marefu, kwa hiyo pakua ramani mapema na umwambie mtu unakolala kila siku.

Usiendeshe usiku. Choroa na tandala hukatiza barabara jioni, na tandala ukimgonga anaingia na kioo. Kwa madereva wetu kuna wepesi mmoja: wanaendesha upande wa kushoto kama sisi.

Soma pia karatasi ya bima mstari kwa mstari. Bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi uharibifu wa dhoruba ya mchanga. Karibu na Lüderitz upepo ukivuma wa nguvu, mchanga husugua rangi ya gari na kukifanya kioo kiwe na ukungu wa kudumu. Ukiuona unapiga barabarani, simama, geuza, subiri Aus.

Mtembezi wa Kusini:

Naendelea. Aus ni kijiji kidogo mlimani, kilomita 125 kabla ya Lüderitz, na huko baridi ya Juni na Julai inauma kwelikweli. Watu hukipita wakiwa na haraka ya kuona bahari. Msikipite. Nje kidogo ya kijiji kuna mabaki ya kambi ya wafungwa wa vita. Mwaka 1915 majeshi ya Afrika Kusini yaliwashinda Wajerumani wa koloni hili, na wanajeshi waliotekwa wakawekwa hapa, zaidi ya 1,500. Walianza kwenye mahema. Baridi na vumbi vilipowazidi walifyatua matofali ya udongo wao wenyewe, wakajenga nyumba, wakatengeneza majiko, wakapanda bustani. Kambi ilifungwa 1919, baada ya homa kuu ya mafua kuua wafungwa na walinzi. Leo yamebaki misingi na vipande vya kuta vinavyorudi kuwa udongo, na makaburi.

Liweke kichwani gofu hili la Aus, mfungwa aliyeruhusiwa kujenga nyumba yake ya matofali na kupanda bustani. Nitalirudia tukifika kisiwani.

Baada ya Aus barabara inashuka kwenye uwanda mweupe. Hapo Garub, penye kisima cha zamani cha reli, wanaishi farasi wa mwituni. Asili yao ni mabaki ya farasi wa majeshi ya 1915 na wa shamba la kuzalishia farasi la Kubub lililokuwa karibu. Kizazi baada ya kizazi wameishi jangwani, maji wakipata kisimani. Kuna banda la kujificha na kuwatazama. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali.

Kuanzia hapo mkono wa kushoto ni eneo la almasi. Mabao ya onyo yanakuambia usikanyage nje ya barabara, na wanamaanisha. Mwezi Septemba 1908 serikali ya Kijerumani ilitangaza kuwa pwani yote kutoka mto Orange hadi latitudo ya 26 kusini, na kina cha kilomita 100 kuingia bara, ni marufuku. Sperrgebiet, ndivyo inavyoitwa mpaka leo. Mwaka 2008 ilifanywa hifadhi ya taifa, Tsau ǁKhaeb, lakini sehemu kubwa bado huingii bila kibali na mwongozaji. Na kumiliki almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai, hata ukiiokota njiani kwa bahati.

Binti Ruvuma:

Dada, mimi nasubiri hiyo Shark Island. Kwetu Songea makumbusho ya Maji Maji nimeyapita tangu darasa la tatu na jina hilo sijawahi kulisikia.

Mtembezi wa Kusini:

Ndiyo maana naandika, mdogo wangu.

Lüderitz ni mji mdogo juu ya miamba mitupu, nyumba zake za rangi na mapaa ya Kijerumani, kanisa la Felsenkirche la mwaka 1912 limekaa juu ya jabali. Ukungu unaingia asubuhi kutoka baharini, kwa sababu mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini. Mvua karibu haipo. Mji una jina la Adolf Lüderitz, mfanyabiashara wa Bremen. Mwaka 1883 wakala wake alinunua ardhi ya pwani kutoka kwa Josef Frederiks, chifu wa Wanama wa Bethanie, kwa pesa kidogo na bunduki. Mkataba wa pili ulisema ukanda wa pwani wenye upana wa maili 20. Chifu aliijua maili ya Kiingereza, ya kilomita 1.6. Lüderitz alikusudia maili ya kijiografia ya Kijerumani, ya kilomita 7.4, na akamwagiza wakala amwache chifu aamini anavyoamini. Kilomita 32 zikawa karibu 150.

Sisi tulisoma shuleni habari za Karl Peters na Mangungo wa Msovero, mwaka 1884. Ni mwaka mmoja baadaye, na ni mbinu ile ile: karatasi ambayo upande mmoja tu ndio uliojua ilichosema. Lüderitz hakufaidi, alipotea baharini karibu na mdomo wa mto Orange mwaka 1886.

Sasa kisiwa. Shark Island siku hizi kimeunganishwa na mji, unaingia kwa gari. Ni jabali linalopigwa na upepo pande zote. Kuanzia 1905 hadi 1907 ilikuwa kambi ya mateso. Wafungwa Waherero, na baadaye Wanama, wanaume, wanawake na watoto, waliletwa hapa kutoka sehemu zenye joto za bara, wakawekwa kwenye baridi ya Atlantiki bila makazi ya maana, chakula kidogo, kazi ngumu. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kambini kati ya 1,000 na 3,000. Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama wa Bethanie, jamaa za yule chifu aliyedanganywa maili, alifia hapo mwaka 1907. Mafuvu ya baadhi ya marehemu yalisafirishwa Ujerumani kwa wataalamu waliotaka kuthibitisha nadharia zao za ubaguzi wa rangi. Namibia ilianza kuyapokea tena mwaka 2011.

Sasa ikumbukeni ile kambi ya Aus, matofali na bustani. Kambi hizi mbili ziko umbali wa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na miaka kumi haikupita kati yake.

Kisiwani leo pana uwanja wa kupigia mahema kwa watalii, pana mnara wa kumbukumbu ya Adolf Lüderitz, na pana jiwe la kumkumbuka Cornelius Fredericks. Vyote viko ndani ya hatua chache. Mimi sikuweza kulala pale, nilipata chumba mjini. Namheshimu aliyeamua vinginevyo, lakini aamue akiwa anajua.

Hii ndiyo sababu nasema anza hapa. Wafungwa wa kisiwa hiki ndio walioijenga reli ya kutoka Lüderitz kwenda bara. Kati ya Januari 1906 na Juni 1907 wafungwa 2,014 walipelekwa kwenye kazi hiyo, na 1,359 wakafa. Na ni kwenye reli hiyo hiyo, mwezi Aprili 1908, ndipo almasi ya kwanza ilipookotwa. Ukiingia Kolmanskop bila kupita kisiwani, utaona hadithi inayoanza na bahati. Ukipita kisiwani kwanza, utajua nani alitandika mataruma ambayo bahati hiyo ilipita juu yake.

Mwalimu Mstaafu:

Naomba niongeze, maana hapa tunagusa historia yetu moja kwa moja. Jenerali aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero tarehe 2 Oktoba 1904 ni Lothar von Trotha. Mtu huyo kabla ya hapo alikuwa kwetu. Kuanzia 1894 aliongoza jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakati wa vita na Mkwawa. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, wakati kambi za Namibia zinajaa watu. Kwa hiyo ni dola moja, miaka ile ile, na maofisa waliokuwa wakihamishwa kutoka koloni moja kwenda jingine na mbinu zao. Kusini mwa Tanzania silaha kubwa ilikuwa kuchoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi. Namibia ilikuwa kuwafukuzia watu jangwani na kuzuia visima.

Hata mafuvu. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900, na ukoo wake unatafuta kichwa chake hadi leo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walilinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu na ndugu walio hai Kilimanjaro, na ulinganifu ukapatikana. Na Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha. Kwa Namibia, Ujerumani ilikiri mauaji ya kimbari mwaka 2021 na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini jamii nyingi za Waherero na Wanama zimekataa kwa sababu hazikukaa mezani.

Binti Ruvuma:

Asante mwalimu. Rais huyo nilimwona kwa macho yangu akipita. Sikujua kuna ndugu zetu wengine upande wa pili wa bara wenye kesi hiyo hiyo.

Mtembezi wa Kusini:

Mwalimu, shikamoo, na asante. Kuongezea, tangu 2025 Namibia inaadhimisha siku ya kitaifa ya kumbukumbu ya mauaji hayo kila tarehe 28 Mei, kwa sababu mwaka 1907 tarehe hiyo ndiyo iliyotolewa amri ya kufunga makambi.

Sasa Kolmanskop, kilomita 10 tu kutoka mjini. Aliyeiokota ile almasi anaitwa Zacharias Lewala. Kazi yake ilikuwa kuondoa mchanga kwenye reli kwa koleo. Aliwahi kufanya kazi Kimberley, mji wa migodi ya almasi Afrika Kusini, akaitambua, akaipeleka kwa msimamizi wake August Stauch. Stauch akajiwekea haki za kuchimba kimyakimya kabla habari haijasambaa, akawa tajiri mkubwa. Lewala hakupewa zawadi. Stauch naye utajiri ulimponyoka, akafa maskini Ujerumani mwaka 1947.

Kwa nini almasi zilikuwa juu ya mchanga na si ndani ya shimo kama Mwadui? Zilizaliwa mbali, kwenye miamba ya ndani ya nchi ya Afrika Kusini. Mmomonyoko ukazitoa, mto Orange ukazibeba kwa mamilioni ya miaka hadi baharini. Mawimbi na mkondo vikazisukuma kaskazini kando ya pwani, kisha upepo ukapeperusha mchanga mwepesi na kuziacha zikiwa wazi kwenye mabonde. Njiani zilizokuwa na nyufa zilivunjika, ndiyo maana zilizofika karibu zote ni za ubora wa vito. Kwenye bonde la Pomona zilionekana zikimetameta kwa mwanga wa mwezi. Vibarua walipangwa mstari, wakatambaa kwa magoti na matumbo kuziokota mchangani.

Kolmanskop iliishi kitajiri kwa namna isiyofanana na mahali ilipo. Hospitali yenye mashine ya eksirei, ambayo ilifaa pia kuangalia kama kuna aliyemeza almasi. Kiwanda cha barafu. Ukumbi wa dansi na tamthilia, mazoezi ya viungo, uwanja wa kuviringisha tufe. Tramu ndogo ya kuwapeleka kina mama dukani. Maji matamu yalikuja kwa meli kutoka Cape Town. Mwaka 1912 eneo hili lilitoa kama karati milioni moja, zaidi ya asilimia 11 ya almasi za dunia. Walioishi hapo ni Wajerumani 300 hivi, watoto 40, na vibarua Waovambo 800.

Angalieni hesabu hiyo tena. Mia nane. Waliletwa kutoka kaskazini kwa mkataba, bila wake, bila watoto, wakalala kwenye mabweni, mkataba ukiisha wanarudishwa. Kwetu Tanga kwenye mkonge tuliwaita manamba. Picha karibu zote za Kolmanskop mtandaoni ni za nyumba ya meneja, ya daktari, ya mwalimu, mchanga ukiwa umefika kiunoni kwenye milango ya rangi ya bluu. Ni picha nzuri, mwanga wa asubuhi ukipita madirishani unavutia kweli, nami nimezipiga. Lakini waliokuwa wengi hawamo.

Mwongozaji wangu wa asubuhi alikuwa kijana wa hapo Lüderitz, na nilipomuuliza habari za mabweni alitutoa kwenye nyumba za wakubwa akatuonyesha yalikokaa na akasimulia vizuri. Kwa hiyo ulizeni. Wanajua, ila wageni wengi hawaulizi.

Mji ulianza kufa baada ya vita vya kwanza, bei ilipoanguka. Mwaka 1928 akiba kubwa zaidi zikagunduliwa kusini, karibu na mdomo wa mto Orange, na watu wakahama, wengine wakiacha nyumba na vitu ndani. Mwaka 1956 hapakubaki mtu.

Mwana Mwadui:

Nimesoma hapa nikasimama. Mimi nimekulia Mwadui, baba alikuwa fundi mitambo. Williamson aliugundua ule mgodi mwaka 1940, na tulikuwa na uzio, hospitali yetu, shule yetu, uwanja wa ndege, na geti la ukaguzi. Ukitoka nje ya uzio ni kijiji kisicho na umeme. Kwa hiyo dada unaposema tramu na barafu jangwani, naiona picha. Swali langu: wale Waovambo wa mkataba waliishia wapi? Maana sisi manamba wa mkonge wengi wao hawakurudi kwao, ndio wakazi wa Tanga na Korogwe leo.

Mtembezi wa Kusini:

Kaka, swali zuri sana na jibu lake linafika nyumbani kwetu. Mfumo ule wa mkataba haukuisha na Kolmanskop. Uliendelea chini ya Afrika Kusini kwa miongo, migodini, viwanda vya samaki, mashambani. Malalamiko ya vibarua hao ndiyo yaliyozaa chama cha Waovambo mwaka 1959, na mwaka 1960 kikawa SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia. Kiongozi wake Sam Nujoma akatoroka, akafika Dar es Salaam, na makao ya chama yakawa Dar. Wapiganaji wao wa kwanza walikaa kambini Kongwa, Dodoma, kuanzia 1964. Mkutano wao mkubwa wa kupanga upya chama ulifanyika Tanga, mwisho wa 1969 kuingia 1970. Kisha Desemba 1971 vibarua wa mkataba wakagoma nchi nzima, zaidi ya 10,000, na mfumo ukatikisika kabisa.

Mzee mmoja Lüderitz aliposikia natoka Tanzania alinitajia Kongwa kabla sijamaliza sentensi. Aliitamka vizuri kabisa. Watanzania wengi wenye umri wangu wakisikia Kongwa wanafikiria ranchi ya ng'ombe na mpango wa karanga ulioshindwa. Watoto wetu wafundishwe na hili.

Nairobi Kwa Barabara:

Hujambo dada. Mimi niko Nairobi, napanga kuja na pikipiki kupitia Zambia. Maswali matatu. Usalama kwa mtu aliye peke yake, hasa mwanamke? Mahame mengine nje ya Kolmanskop yanafikika? Na pesa?

Mtembezi wa Kusini:

Sijambo, karibu sana.

Usalama: Windhoek uangalifu wa kawaida wa mji, usiache begi kwenye kiti cha gari wala usitembee na simu mkononi usiku. Nje ya mji sikupata mtu wa kunisumbua. Hatari kubwa ni barabara yenyewe, na kwa pikipiki ni zaidi: mchanga unaovuka lami karibu na Kolmanskop na upepo wa ubavuni. Utembee asubuhi sehemu hiyo.

Mahame: Elizabeth Bay, Pomona na Bogenfels, lile tao la mwamba la baharini lenye kimo cha mita 55, yote yako ndani ya eneo la marufuku. Huendi mwenyewe. Unajiunga na msafara wa kampuni yenye kibali, na jina na namba ya pasipoti vinapelekwa mapema kwa uchunguzi wa polisi, kwa hiyo usifike Lüderitz ukitegemea kuondoka kesho yake. Pomona ndiyo iliyonigusa zaidi ya Kolmanskop, kwa sababu haijasafishwa kwa ajili ya mtalii. Chekecheke zimelala mchangani, na makaburi madogo yana misalaba ya mbao iliyokwanguliwa na upepo mpaka haisomeki.

Oranjemund, mji wa almasi kwenye mpaka wa Afrika Kusini, ulifungwa kwa umma tangu ulipojengwa miaka ya 1930 na ukafunguliwa 2017. Karibu na hapo mwaka 2008 wachimbaji wa almasi waliokuwa wameisukuma bahari kwa kingo za mchanga walikuta meli ya Kireno iliyozama 1533 ikielekea India, na ndani yake sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, shaba, na pembe za ndovu. Siku hizi almasi nyingi za Namibia hazitoki nchi kavu tena, zinatolewa na meli kwenye sakafu ya bahari. Kwa hiyo mahame haya hayatafufuka.

Pesa: dola ya Namibia ni sawa kwa sawa na randi, na randi inapokelewa kila mahali. Visa ulizia ubalozi wao ulio karibu nawe, mambo haya hubadilika.

Dereva wa Masafa:

Mimi nafikiria Agosti. Upepo unakuwaje? Na Kolmanskop wanafungua saa ngapi, maana picha zote naona za alfajiri.

Mtembezi wa Kusini:

Agosti ni baridi lakini upepo bado ni wa kuvumilika. Mkali zaidi ni kuanzia Septemba au Oktoba hadi Februari, na siku yoyote ile huamka mchana, asubuhi hutulia. Kolmanskop wanafungua saa mbili asubuhi, mwongozaji huanza baadaye kidogo, na wageni wa kawaida hutoka saa saba mchana. Wanaotaka mwanga wa alfajiri hununua kibali cha wapiga picha, ni ghali zaidi, na kinunue siku moja kabla. Viatu vya kufunika kidole, sakafu zina misumari. Usikanyage ghorofa za juu, mbao zimeoza.

Na siku hiyo ya kununua kibali, mchana wake uende Shark Island. Hakuna kiingilio cha kutisha na dakika 40 zinatosha.